Umri wa Mashine ya Bibi

Mjomba alinipigia simu nikiwa nimelala chali nyuma ya mashine ya kufulia ya mteja mmoja huku Dar es Salaam, tochi mdomoni. Alisema ukoo umekubaliana kulijengea kaburi la mama kijijini Simbo, Kigoma. Saruji imeshanunuliwa, fundi yuko tayari, kimebaki kitu kimoja tu. Fundi ameuliza aandike mwaka gani wa kufariki, na hakuna anayeujua.

"Njoo wewe," akasema mjomba. "Bibi yako anasema mashine inajua."

Usicheke, rafiki yangu. Kazi yangu ndiyo hiyo. Natengeneza mashine za kufulia, na wanaonijua huniletea zile za zamani, zilizosahaulika kwenye stoo za wazee, niwaambie ni za mwaka gani. Mashine haifichi umri wake ukijua pa kutazama. Lakini hii ilikuwa habari nyingine. Mama alifariki siku chache baada ya kunizaa, akazikwa chini ya udongo mtupu na msalaba wa mti ambao mchwa waliumaliza. Tangu utoto wangu kila nilipouliza ilikuwa lini, bibi alinijibu vilevile: mama yako alituacha wiki ile mashine ya Daktari iliposhushwa kwenye treni, mvua zikiwa zimeanza. Mwaka hakuutaja. Bibi hakuwa mtu wa miaka, alikuwa mtu wa mvua na mavuno.

Utaniuliza, cheti cha kuzaliwa je? Ninacho, na ni cha kukisia. Enzi zetu mtoto alipopelekwa kuandikishwa shule aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Ukiligusa, umri umetosha. Bibi alitaka nianze shule mapema, basi kwa majuma mawili kila jioni alinikalisha kwenye kigoda akauvuta mkono wangu juu ya kichwa mpaka nikalia. Siku ya siku nililigusa sikio kwa ncha ya kidole, tena nimeinamisha shingo kama kuku anayelala. Mwalimu akanitazama, akacheka, akaandika mwaka uliomjia kichwani. Huo mwaka ndio nimeishi nao mpaka leo.

Nilifika Gungu, mtaani kwa bibi, asubuhi kwa bodaboda, begi la vifaa mapajani. Bibi alikuwa kibarazani kwenye mkeka, amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikampa shikamoo, akanirudishia Mwakeye, salamu ya Kiha, akanishika viganja vyote viwili akavipapasa kama anayechagua maharage. Kisha akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikaingia sebuleni, na pale pale ilipokuwa tangu utoto wangu, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, chupa ya chai na redio vikiwa juu yake, nikaiona mashine ikinitazama kwa lile jicho lake moja la kioo.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo. Bibi alikuwa mfuaji wa Daktari, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akapewa nyumba kule juu penye mteremko unaotazama ziwa. Kwa kuwa sikuwa na mama wa kuachiwa, bibi alinibeba mgongoni kwenda kazini, na nilipoweza kutembea nilimfuata nyuma nimeshika pindo la kitenge chake. Kutoka kule juu tuliona wanawake wakianika dagaa mchangani, na harufu yake ilipanda mpaka kwenye kamba za nguo. Jikoni kwa Daktari kulinukia kahawa na sabuni. Na humo jikoni, karibu na mlango wa uani, ndimo ilimokaa mashine.

Sijui nikueleze vipi. Kule ziwani nilizoea kuona kufua ni kuinama, kupiga nguo kwenye jiwe, kukamua mpaka vidole vikunjamane. Halafu naletwa mbele ya sanduku jeupe, bibi anafunga kidirisha, anazungusha kitufe kinacholia tik-tik-tik, na maji yanaanza kuingia yenyewe. Yenyewe, nakwambia! Nguo zinapinduka nyuma ya kioo, shuka la Daktari linapita, soksi inanichungulia na kupotea. Kisha mashine inanyamaza. Huo ukimya ndio ulionitia hofu kuliko kelele. Nilikaa sakafuni nimebana pumzi, nikijua kabisa kwamba humo ndani kuna mtu anawaza. Akimaliza kuwaza, tak! pipa linageuka linazunguka upande wa pili. Hakuna aliyeiamuru. Mpaka leo ninafahamu kila waya unaofanya tak ile, na bado nikiisikia nywele zinanisimama.

Bibi naye aliiheshimu, ila kwa namna yake. Aliona ni utovu wa adabu kumpa mgeni kama huyo nguo chafu. Basi alfajiri alizichukua nguo za Daktari, akashuka nazo ziwani, akazifua kwa sabuni ya mawese aliyoipika mwenyewe, akazisuuza mpaka zikatakata, akapanda nazo kilima zikiwa zinachuruzika, ndipo akazitia kwenye mashine. Mama Daktari, mke wa Daktari, alimweleza mara ngapi sijui kwamba mashine ndiyo inayofua. Bibi aliitikia "Ndiyo, mama," na kesho yake tukashuka tena ziwani. Siku moja alijaribu kuikwangulia sabuni yake ya mawese humo ndani, na povu likatoka chini ya mlango likaelekea sebuleni kwa wageni. Tulilizoa kwa ungo, Mama Daktari amekaa chini kwa kicheko.

Na kila Jumamosi ilikuwa zamu ya mashine yenyewe kuogeshwa. Unajua wanawake wa kwetu wanavyosugua sufuria. Wanachota mchanga laini wa ziwani, wanaisugua nao kwa gunzi la muhindi mpaka unajiona meno. Bibi alikuwa na mkebe wake wa mchanga, amechagua ule mweupe kabisa. Aliisugua pete ya kidirisha, kitufe, miguu, kisha akaisogeza akasugua na nyuma, mahali ambapo hakuna mgeni angepatazama. Mimi nilimshikia mkebe. Siku za sufuria alikuwa na kelele na masimulizi, siku ya mashine hakusema neno. Nilidhani anaiogopa.

Daktari alipohamishwa nikiwa darasa la nne, Mama Daktari alimwambia bibi aichukue. Ilikuwa imeanza kuvuja, na sisi hatukuwa na umeme wala bomba. Wanaume wanne waliileta Gungu kwenye mkokoteni, mtaa mzima ukiwa nyuma. Humo ndani bibi akatunza Biblia, vitenge vyake vya harusi na cheti changu. Majirani walikuja kuomba kuiona tu, wakakaa mbele yake wakinywa chai. Na Jumamosi ziliendelea.

Sasa mimi nikapiga magoti mbele yake na begi la vifaa, mjomba amesimama mlangoni, simu mkononi, fundi akimsubiri Simbo.

Mtu wa kazi yangu huanzia nyuma, kwenye kibati cha kiwandani. Humo huandikwa aina, namba, na ndani ya namba mara nyingi mwaka umejificha. Niliisogeza mashine, nikamulika. Kibati kilikuwepo, misumari yake minne iko mahali pake. Kilikuwa kinang'aa kama kioo. Nilijiona uso wangu, nikaona tochi, nikamwona mjomba nyuma yangu. Herufi hata moja haikubaki. Nilipitisha kucha, nikatafuta hata mkwaruzo wa namba moja. Kilikuwa laini kama kokoto ya ziwani.

Nitakuwa mkweli kwako, nilitaka kulia.

"Kibati kinasemaje?" bibi akauliza kutoka kwenye mkeka.

Mjomba alifungua mdomo. Nilimkata jicho akaufunga.

"Kinasema kimetunzwa vizuri, bibi."

"Ehe," akasema, ameridhika.

Nikarudi kuisoma kwa njia nyingine. Ganda lake lilikuwa na ile rangi ngumu ya kuchomwa, kama ya sahani za bati za zamani, si rangi ya kupuliza ya siku hizi. Nyuma ilikuwa na midomo miwili ya maji, wa moto na wa baridi, ilhali za leo nyingi zina mmoja. Kitufe cha chuma, hakuna taa hata moja. Hayo yalinipa muongo, na kwenye kaburi haiandikwi muongo. Kisanduku cha sabuni cha plastiki huwa na duara dogo lenye mshale, ambamo kiwanda huonyesha mwezi na mwaka wa kuumbwa kwake. Nilikichomoa. Mchanga ulishafika huko pia, duara limebaki kivuli. Chini ya kifuniko, karatasi ya mchoro wa nyaya ilikuwa imeliwa na mende.

"Mwana wanje, mwanangu," bibi akaita, sasa kwa sauti ya chini. "Unajua ile rafu ya jikoni?"

Nani asiyeijua? Ubao mmoja mweupe juu ya mafiga, umechapwa kwa rangi nyeusi picha ya glasi na mishale miwili inayotazama juu. Nilijifunzia kuchora kwa picha ile, nikiinakili chini kwa kijiti, nikisubiri migebuka, samaki wa ziwani, iive kwenye mawese.

"Ule ubao ni wa sanduku lililoileta hiyo mashine. Ndio uliobaki. Mbao zingine Mama Daktari alimpa seremala, akamtengenezea mama yako jeneza. Mvua inanyesha, mbao hakuna mjini, mimi sina kitu. Mashine ikavuliwa nguo akavikwa mwanangu." Akapangusa mdomo kwa upindo wa kitenge. "Simbo sikuweza kwenda kila wiki, na wewe mgongoni. Basi kila Jumamosi nilikuwa namwogesha mama yako hapo."

Mjomba alikwenda nje. Mimi nilibaki na bisibisi mkononi, nikitazama kile kibati. Miaka yote ile nilimshikia mkebe nikidhani bibi anaogopa mashine. Na kumbe mkono ule ule uliokuwa ukimlilia mama ndio uliokuwa ukifuta mwaka wake, chembe kwa chembe, Jumamosi kwa Jumamosi, naye hajui kusoma, hajui. Nikaapa moyoni kwamba hatajua. Nikaapa pia kwamba sitatoka Gungu bila ule mwaka.

Nikailaza mashine kwa ubavu juu ya godoro. Chini kabisa, nyuma ya mota, hufungwa kikopo cha bati chenye kimo cha kikombe, kapasita, kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Hapo mkono hauingii bila kufungua bati la nyuma. Skrubu za bati hilo zilikuwa bado na rangi ya kiwandani ndani ya mifereji ya vichwa vyake, hazijawahi kufunguliwa. Nilipozifungua, mchanga mweupe wa ziwa ulimwagika sakafuni, kiganja kizima, uliokusanyika humo tangu enzi za Daktari. Nikapuliza vumbi. Nikamulika. Na pale ubavuni mwa kikopo, kwa wino wa bluu uliokaa gizani umri wangu wote, palikuwa na namba ya juma na ya mwaka wa kuundwa kwake.

Niliusoma mara tatu. Juma lilikuwa la mwanzoni mwa mwaka. Mashine iliundwa muda mfupi baadaye, ikapanda meli, ikapanda treni, ikafika Kigoma mpya kabisa na mvua za kwanza, mwishoni mwa mwaka ule ule. Si mwaka wa mwalimu. Ni miaka miwili baadaye. Ndiyo maana nilikuwa wa mwisho katika kila mbio shuleni, ndiyo maana madaftari yangu yalikuwa makubwa kuliko kifua changu, na mwalimu akiniita mlegevu! Nilicheka, machozi yananitoka. Nikatoka kibarazani nikamnong'oneza bibi mwaka wa mwanawe, naye akautamka polepole mara kadhaa, kama mtu anayejifunza jina.

"Kwa hiyo mashine ilijua," akasema.

"Ilijua, bibi."

Kesho yake tulikwenda Simbo. Njiani nilipitia kule juu kwenye mteremko. Nyumba ya Daktari haipo, wamejenga nyingine yenye ghorofa, na kwenye madirisha yake nimeona mashine za kisasa zinazoimba zikimaliza kufua. Siku hizi sabuni ya mawese naiona kwa nadra, wengi wananunua ya unga. Mtoto wa leo haketi mbele ya kidirisha akibana pumzi, na simlaumu, ana vingi vya kutazama. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu mashine ikiwaza. Nimeona mchanga wa ziwa ukishinda chuma cha Ulaya, na mkono wa mama mmoja ukiushinda mchanga kwa kutochoka. Sijaona tena kitu cha kunishangaza namna ile.

Fundi alikuwa amelainisha saruji, ameandika jina la mama, anasubiri. Nikamtajia mwaka, akauchora kwa ncha ya msumari, tarakimu nyembamba za kupendeza. Nikageuka kumwangalia bibi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, na kutoka kwenye mkunjo wa kitenge chake alikuwa anatoa taratibu ule mkebe wa zamani, umejaa mchanga mweupe, na gunzi la muhindi juu yake, anasubiri saruji ikauke.

Nikamrudia fundi, nikamwambia uchimbe tena mwaka huo, ndugu yangu, chimba mpaka kidole kizame.