Nilifuta Jibu Langu Lifanane na la Kioko

Nilikosea, na sitaki kumsingizia mtu. Jambo hili nimelibeba peke yangu hapa Matinyani, na leo nawaambia ninyi msionijua.

Kazi yangu ni hesabu. Kuna mashine kubwa ng'ambo zinazogonganisha chembe ndogo kuliko kitu chochote unachoweza kuona. Kabla ya vipimo kusomwa, ni lazima mtu atabiri kwa hesabu na kompyuta nini kinafaa kutokea. Vipimo vikitofautiana na utabiri, ama maumbile yana siri mpya, ama aliyepiga hesabu amekosea. Ndiyo maana hesabu moja hupewa watu wawili, kila mtu kivyake, bila kuchunguliana. Wakipata jibu moja, linaaminika.

Mwenzangu nitamwita Kioko. Si jina lake. Kwao ni Kanyangi, na chuoni tulilala chumba kimoja. Mama alipougua nikarudi nyumbani kufanyia kazi huku, Kioko ndiye aliyekuwa akinipigia simu kuuliza hali. Na alikuwa na kichwa, jamani! Mtihani nilioupita kwa jasho, yeye aliupita akicheka.

Kompyuta yake ilipoanza kusumbua, alinitumia nakala ya kazi yake nimhifadhie. Akaniomba nisiifungue. Nikakubali. Wiki hiyo hiyo nikaifungua.

Majibu yetu hayakulingana. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Nilirudia yangu ukurasa kwa ukurasa, wiki tatu nzima, na sikuona kosa. Hata hivyo nikajiambia: mimi ni nani nimkosoe Kioko? Mahali fulani mimi nilikuwa na alama ya kutoa, yeye ya kujumlisha. Nikaikata yangu, nikaandika yake. Majibu yakalingana kabisa.

Profesa wetu, aliyetupa hesabu hiyo, alifurahi sana. Utabiri ukachapishwa, na wengine wakauingiza kwenye programu zao. Baada ya mwaka hivi, kundi lingine likapata jibu tofauti, nasi tukaambiwa turudie kazi.

Kioko aliliona kosa lake ndani ya siku mbili tu. Kilichomshinda kuelewa ni vipi mimi nami nilikosea pale pale. Akaja mpaka kwetu. Alimsalimia mama, akala muthokoi aliopakuliwa, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kisha akaomba kuona daftari langu la zamani. Ningekataaje? Alifunua kurasa polepole mpaka akaiona alama yangu ya kwanza, imekatwa kwa kalamu.

"Ulikuwa na jibu sahihi," akasema. "Ungenipigia tu simu, ndugu yangu."

Aliondoka, chai yake ikiwa bado mezani, na mama akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia hapana.

Kioko alimwandikia profesa kwamba kosa lilianzia kwake. Langu la kumwiga hakulitaja, aliniachia nilitaje mwenyewe. Nami nikanyamaza. Miezi minne! Katika miezi hiyo, kazi aliyokuwa ameahidiwa ng'ambo ikapewa mtu mwingine, maana yeye ndiye aliyeonekana mzembe. Nilipopata moyo wa kukiri, profesa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu kwamba nimechelewa.

Sasa Kioko anafundisha hesabu katika shule moja upande wa Mtito Andei. Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Mama alipofariki alikuja mazishini, akasimama nyuma kabisa, akaenda zake kabla sijamfikia.

Mimi sikufukuzwa kazi. Lakini hakuna anayekubali kupewa hesabu moja nami, na siwalaumu. Kwa hivyo naipiga mara mbili mwenyewe, mara moja asubuhi na nyingine alasiri, na jibu hutoka lile lile. Halinipi amani hata kidogo. Nyumba imenyamaza, na hakuna wa kuniambia kama niko sawa.

Wewe unayesoma, usimwogope mwenzako kwa sababu ana akili kukushinda. Jibu lako likitofautiana na lake, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Huenda duniani kote ni wewe peke yako unayeweza kumwambia amekosea.