Taulo Bichi la Bi Kamba

Mimi ni mnoa visu, kwa hiyo nyumba za watu nazijua kwa mlango wa jikoni. Katika mji ule mdogo wa mlimani nimepita miaka mingi na gurudumu langu begani, na ukiniuliza nitakwambia nani ana kisu butu na nani ana ulimi mkali. Aliyenikaa moyoni zaidi ni dobi mmoja, mwanamke mfupi, anayetembea harakaharaka kana kwamba mvua iko nyuma yake. Watu wanamwita Bi Kamba. Ukipanda ngazi za kwenda kwake ulikuwa huoni nyumba, unaona kamba tu, na mashati ya mji mzima yakipunga mikono.

Mji wenyewe umekaa kwenye mkunjo wa mlima kama mtoto kwenye mbeleko. Upande mmoja una jua, upande wa pili jua huchungulia kidogo likajiendea zake. Kwa hiyo watu wa huko wakisifia nyumba hawasemi kubwa wala nzuri, wanasema ina jua. Bi Kamba ndiye aliyezidi. Alikuwa akisema upande wa kivuli unafaa uyoga, na binadamu aliyehamia kule alikosana na ndugu zake.

Yeye alipanga chumba na kibaraza upande wa jua tangu mumewe yu hai. Mwenye nyumba alipofariki, nyumba ikaangukia kwa mwanawe, kijana mpole ambaye nepi zake zilifuliwa na Bi Kamba huyo huyo. Kijana akaona wenzake wanatengeneza vyumba vya wageni wanaopanda kuja kupumzika na kutazama mlima, naye akataka. Alikuja kumwambia Bi Kamba huku anaangalia viatu vyake. Akampa mpaka mwisho wa mwezi, akamwomba radhi, akamwachia na mfuko wa sukari. Bi Kamba aliniambia angekuwa na raha ya kumchukia kama asingekuwa na adabu.

Sasa hapo ndipo shughuli ilipoanza. Bi Kamba ana binti mmoja, ameolewa huko chini bondeni, na kila wakizungumza kwenye simu binti alikuwa anamwambia mama, njoo, chumba kipo, utapumzika. Neno hilo kupumzika lilimtia hofu kuliko ugonjwa. Huko chini kila nyumba ina mashine ya kufulia. Angekwenda kukaa kwenye kochi, akiombwa asishike hata kikombe. Akajiwekea nadhiri kwamba akipata chumba cha bei yake kinachokausha nguo, anabaki. Asipopata, anashuka na beseni zake.

Akawa anazunguka kutafuta, na mimi nikipata nafasi namfuata, maana miguu yangu haipendi kukaa. Namna yake ya kukagua chumba ilikuwa ya peke yake. Alikwenda na taulo dogo la uso, bichi, amelikamua. Akiingia tu, anatafuta msumari, analitundika, halafu anakaa kuzungumza na mwenye nyumba habari za watoto, za magoti, za bei ya mkaa. Akiona wamezungumza vya kutosha analishika taulo na kuliweka shavuni. Vidole vya dobi vimezoea maji, haviaminiki tena. Shavu ndilo linalojua. Likisikia ubaridi, Bi Kamba anaaga.

Kwa muuguzi mstaafu kulikuwa na jua mpaka paka analala chali. Taulo lilikauka kabla hatujamaliza habari za magoti. Lakini kodi ilipotajwa, Bi Kamba aliinama kutazama sakafuni kana kwamba kuna kitu kimemdondoka. Pale pembeni ya kijito bei ilikuwa ya kindugu kabisa, ila taulo lilizidi kuloa. Kwa seremala kulikuwa na jua na bei inazungumzika, lakini mkewe akasema nguo zisionekane barazani, wageni wa jirani wanapiga picha. Bi Kamba akamuuliza kama hao wageni wenyewe wanatembea bila nguo. Tukatoka.

Mimi ndiye niliyemtajia chumba cha mwoka mikate. Nilikuwa nakwenda kwake kunoa visu vyake na vile vibapa vya kukatia donge la unga, nikajua kwamba juu ya tanuri kuna chumba kimekaa kitupu tangu mkewe afariki. Wapangaji walikuwa wanakimbia, kwa sababu mashine ya kukandia unga inaanza kunguruma alfajiri na ukuta mzima unatetemeka. Tena kiko upande wa kivuli, dirisha lake linatazama jabali. Bi Kamba alinitazama kama mtu niliyemtukania mama. Lakini siku zilikuwa zimeisha, na mke wa mwokaji alikuwa shoga yake, akaona si vibaya kwenda kumjulia hali shemeji.

Mwokaji ni mtu mrefu, hana maneno, nyusi zake zina unga mwaka mzima. Akatupandisha ngazi. Bi Kamba akatundika taulo kwenye msumari wa ukutani, akafungua dirisha, akakutana uso kwa uso na jabali. Hakukaa hata kuzungumza habari za magoti. Akasema chumba hiki hakijawahi kuliona jua tangu kijengwe. Mwokaji akamjibu kwamba yeye anapangisha chumba, jua hana, na kama ni kupimapima kwa taulo aende kwa daktari. Wote wawili walikuwa wanamkumbuka marehemu, nadhani, ndiyo maana walikuwa wepesi wa kukasirika. Bi Kamba akashuka ngazi kwa haraka yake ile, taulo akalisahau.

Kesho yake alimpigia binti simu, akamwambia anakuja. Nilimkuta anafungua kamba. Mafundo mengine yalikuwa ya mikono ya mumewe, hayakubali, akaniomba niyakate kwa kisu. Nikamwambia visu vyangu vyote vimekuwa butu. Akajua nadanganya, akaendelea kuhangaika nayo kwa kucha. Ukungu ulikuwa umeshuka, hatukuona mtu mpaka aliposimama mlangoni. Alikuwa mwokaji, na aproni yake.

"Shemeji, umeacha mali yako," akasema.

Bi Kamba akalipokea taulo bila kushukuru. Akalipeleka shavuni, nafikiri kwa mazoea tu. Akalitoa, akalirudisha kwenye shavu la pili.

"Ulilianika wapi?"

"Sikulianika. Nimelikuta kwenye msumari wako."

"Jua limepita kule?"

"Jua lipi, shemeji? Nimekuja huku napapasa njia."

Bi Kamba akageuza beseni moja kifudifudi akalikalia. Kumbe ukuta ule wa msumari ndio mgongo wa tanuri, unapandisha joto mpaka chumbani. Sisi wote, mimi na gurudumu langu nikiwemo, tulikuwa tunatafuta joto angani, na mwokaji mwenyewe alikuwa analiona lile joto ni kero ya wapangaji, hakuwahi hata kulitaja.

"Hiyo mashine yako inanguruma sana?"

"Kama simba mwenye mafua."

"Sikio langu la kushoto lilishastaafu zamani," akasema Bi Kamba. "Nitalalia la kulia."

Kuhusu kodi hawakusumbuana. Mwokaji alitaja ile ile aliyokuwa akiitoza marehemu mkewe, Bi Kamba akaongeza kwamba atamfulia na aproni zake, kwa kuwa hiyo aliyovaa ingeweza kurudi nyumbani yenyewe. Nikaona nyusi zile za unga zikicheka. Kazi ya kumweleza binti ndiyo ilikuwa ngumu. Binti alipanda mwenyewe kumchukua mama yake, akalala pale juu usiku mmoja, akaamshwa na mngurumo alfajiri, akamkuta mama yake ameshaanza kutundika mashuka na anaimba. Akashuka peke yake, na mkate wa moto mkononi.

Yule kijana mwenye nyumba sasa ndiye mteja mkubwa, analeta mashuka ya wageni wake. Anasema wageni wanaamka na njaa, kila mmoja anauliza chai iko wapi, kwa kuwa mashuka yananukia mkate. Shati langu nalo ni hivyo hivyo, na mbwa wa mji ule siku hizi wananisindikiza mpaka njia kuu. Nilipopita mara ya mwisho nilimkuta Bi Kamba ameegemeza mgongo kwenye ukuta wake, macho ameyafumba. Nikamuuliza kama anapumzika.

"Ishia hapo hapo, kaka," akasema. "Nakausha mgongo."