Ndovu wa Pangoni

Mimi, Jinasena, nilikuwa tarishi wa posta wa Galwewa, Sri Lanka, kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka nilipostaafu mwaka jana. Miaka yote hiyo nilipanda ngazi mia mbili na kitu za hekalu la pangoni kila mtawa alipopata barua. Ndani sikuwahi kuingia. Sababu yenyewe ni aibu tupu: lazima uvue viatu, na viatu vya kazi vilikuwa na kamba ndefu, na kitambi changu hakikupenda niiname. Barua nilimkabidhi mtawa mlangoni, nikageuka, nikashuka.

Kama ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini kwenye kibanda cha chai watu waliniuliza pango likoje, nami nikawapa: Buddha aliyelala, mrefu kama basi, na dari yote imechorwa ndovu weupe. Kila mwaka ndovu waliongezeka.

Miezi michache iliyopita, siku ya ibada ya mwezi mpevu, shemeji yangu Sumitra alikuja kutoka Kolombo akitaka kusali huko.

"Utaongozwa na huyu," mke wangu Podi Menike akamwambia. "Lile pango analijua kama chumba chake."

Nikatangulia katika nguo zangu nyeupe, kifua mbele, maua mkononi, nikiomba mvua inyeshe turudi. Jua likazidi kuwaka.

Ndani palikuwa na giza na ubaridi, na harufu ya popo. Macho yalipozoea nikamwona Buddha. Alikuwa ameketi. Kimo chake hakikunizidi. Darini mlikuwa na maua mekundu yaliyofifia, basi.

"Shemeji, huyu ndiye aliyelala?" Sumitra aliuliza taratibu.

"Na ndovu wako wapi, Baba Nilusha?" mke wangu akadakia.

"Wamefutika. Unyevu huu, unajua."

"Ndovu wamefutika, na Buddha naye ameamka akaketi?"

Sumitra akajiziba mdomo kwa upindo wa sari. Wakati huohuo Mheshimiwa Revata, mtawa mzee wa pale, akatokea nyuma ya sanamu na ufagio wake. Akanikodolea macho, akanisogelea, akanitazama tena.

"Bwana Posta! Leo umeingia?"

"Nimeingia, Mheshimiwa."

"Miaka yote hii nilidhani wewe ni Mkristo. Ndiyo maana sikukukaribisha ndani, nisije nikakukwaza."

Podi Menike alitoka mbio akaenda kuchekea nje. Tulimsikia vizuri sana, maana pango lile linarudisha sauti.

Mtawa hakucheka. Aliniketisha mkekani, akauliza ndovu tuliowataja nimewatoa wapi. Nikamweleza yote, macho chini.

"Ndovu wenyewe walikuwa wangapi?"

"Mara ya mwisho, arobaini, Mheshimiwa."

Hapo alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo, mimi niliyekuja kuomba baraka.

Tuliponyamaza nikasikia maji yakidondoka mahali fulani ndani ya mwamba. Nilikuwa sijawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo nikiwa macho. Kisha akaniambia macho yake hayaoni tena maandishi madogo, akauliza kama ningeweza kumsomea gazeti.

Kwa hiyo sasa napanda kila Jumanne. Namsomea habari za mvua, bei ya mchele, na waliofariki. Ukurasa wa michezo hatujaufikia hata mara moja. Ubaridi wa mle ndani ni mtamu, nasinzia katikati ya sentensi, naye huniacha nikorome.