Nilimchagulia mke wangu campsite tulivu kuliko zote Minnesota, yeye akatuhamishia karibu na vyoo

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Ninachoandika leo ni kweli tupu, sijatia chumvi. Atakayebisha aseme tu, mhusika mkuu yupo hapo sebuleni anakunja nguo, nitampa simu amjibu mwenyewe. Ila nawaonya, huyo hajui kujibu kwa kifupi.

Ni katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa Minneapolis, mchana nasoma chuo, jioni nabeba boksi, yaani kibarua, kwenye nyumba moja ya kutunza wazee. Nilipanga apartment St. Louis Park, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho kabisa wa korido. Niliichagua kwa sababu moja tu, nayo ni kimya.

Mimi ni Mzaramo nisiyependa kelele. Najua watani zangu Wanyamwezi mtasema Mzaramo wa hivyo bado hajazaliwa, lakini ndiye huyu anayewaandikia.

Mwezi wa kumi na moja mke wangu Siwema akaja kutoka Tabora. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja nyuma, na karibu mwaka wote huo tulikuwa mume na mke wa barua.

Nikampokea airport, nikamvika koti, nikamfikisha nyumbani. Nikafungua mlango kwa madaha kabisa, nikamwambia, "Sikiliza."

Akasikiliza. "Nisikilize nini?"

"Si unaona? Hakuna kitu! Huwezi kusikia hata jirani akikohoa."

Alinitazama kwa huruma fulani ambayo sikuielewa kwa miezi tisa iliyofuata.

Hapa niwape historia kidogo. Siwema amekulia kota za reli Tabora, nyumba ya kwanza, mkabala na bomba lililokuwa linahudumia kota nzima. Kila aliyefuata maji alipita barazani kwao. Ugomvi, posa, mtoto aliyeota jino, vyote vilipitia pale kabla havijafika kwa wenyewe. Mimi aliponihadithia mambo hayo enzi za uchumba nilimpa pole. Nilidhani nimeoa mtu aliyenusurika.

Basi, winter ikaingia. Mimi natoka asubuhi, nikirudi kalala. Yeye kazi yake kukaa dirishani kuangalia parking. Alifika mahali anayajua magari yote ya jengo zima, lakini wenye magari hajawahi kuongea na hata mmoja.

"Yule wa gari la bluu leo hajatoka," ananiambia. "Au anaumwa?"

Mimi nacheka. Namwambia Wamarekani hawapendi kuingiliwa, na kwamba hiyo ndiyo raha ya huku. Sasa hivi nikikumbuka najiona nilivyokuwa mjinga, tena mjinga wa kujiamini.

Mwezi wa saba, tunakula, akanipa taarifa. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi, inadumu mwaka mmoja. Ameshampigia wakala, ameweka tarehe ya katikati ya Septemba.

"Naenda kupumzika kidogo nyumbani."

Wakuu, humu ni watu wazima. Mke akisema anaenda kwao kupumzika na siku ya kurudi hajaitaja, mnajua nini kinaendelea. Nilikuwa nampenda sana huyu mwanamke, na kibaya zaidi nilikuwa sijui kosa langu ni lipi. Hatukuwa na ugomvi. Hatukuwa na kelele yoyote ndani ya nyumba!

Nikaenda kuomba ushauri.

Wa kwanza alikuwa Ochieng, Mkenya rafiki yangu, anakaa Richfield na familia yake. Nilimwambia nafikiria kumpeleka mke wangu camping, yaani kulala kwenye hema porini, aione Minnesota ilivyo nzuri, labda moyo utarudi. Akacheka mpaka akaweka glasi chini.

"Buda, wacha jokes. Msichana wa watu ametoka home na ndege, wewe unamrudisha bush akalale chini? Si um-drive tu mpaka Mall aone watu?"

Nikamdharau. Nikasema huyu anapenda mji tu. Kumbukeni maneno yake lakini.

Wa pili alikuwa Mzee Gary, fundi wa majengo pale kazini, mzungu wa hukohuko ambaye tangu ujana wake kila summer lazima alale kwenye hema. Nilipomtajia camping uso wake wote ulibadilika. Kesho yake akaja na kitabu cha campgrounds za jimbo zima, kimechakaa, kila ukurasa una alama za penseli. Enzi hizo hakuna cha mtandao wala picha za kuangalia kwenye simu. Unasoma kitabu, unaangalia ramani, unapiga simu, unamwomba Mungu.

Kwa msiojua, campground imegawanywa vipande vyenye namba, kama viwanja vya halmashauri. Kila kimoja kina meza ya mbao na sehemu ya kuwashia moto. Vingine vina umeme kwa ajili ya wenye RV, yale magari yenye kitanda, jiko na choo ndani. Vingine ni udongo tu na miti, vya watu wa hema. Na kuchagua kiwanja ni elimu kamili.

Mzee Gary akanifundisha. Kaa mbali na vyoo. Kaa mbali na bomba, maana watu hawaishi kupita. Kaa mbali na RV, wana majenereta. Kaa mbali na geti. Chukua kiwanja cha mwisho kabisa, ziwani, ambacho hata gari haifiki.

"Ukisikia sauti ya mtu mwingine," akaniambia, "ujue umechagua vibaya."

Wakuu, nilimwona kama ndugu yangu wa tumbo moja. Akanionyesha site namba 61, kwenye state park moja kaskazini, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini. Kwa jinsi alivyoitaja, ungedhani ananiozesha binti yake. Hema pia akaniazima.

Nikapiga simu, nikakuta 61 ipo wazi wikiendi ya mwisho wa Agosti. Nilishangilia peke yangu pale kwenye korido ya kazini.

Ijumaa tukafika mchana. Tukaegesha, tukabeba mizigo kwa miguu, tukapita vyoo, tukapita bomba, tukapita RV zimejipanga na watu wamekaa nje wanakula. Siwema kila tulipopita anageuka kuangalia. Mimi namhimiza, "Twende, kwetu ni mbele."

Tukafika. Niseme ukweli, mahali pale palikuwa pazuri mno. Ziwa dogo, limetulia tuli, miti ya misonobari mpaka majini. Kuna ndege wa ziwani huko analia kama mtu aliyefiwa, akimaliza kimya kinazidi kuliko mwanzo. Nikasimamisha hema, nikapanga viti viwili vinatazama maji. Nikakaa nikisubiri sifa zangu.

"Unapaonaje?"

Akaangalia ziwa, akaangalia miti, akaua mbu shavuni.

"Pazuri," akasema. "Ni kama pale kwetu St. Louis Park, ila hapa kuna mbu."

Akachukua ndoo, akasema anafuata maji.

Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Kwenye ubao wa matangazo nilikuwa nimesoma kuhusu dubu, na mawazo yalianza kunipeleka pabaya. Nikatoka mbio mpaka bombani.

Ndoo niliikuta pale pale, imejaa, haina haraka. Siwema amekaa kwenye meza ya site namba 4, kiwanja kitupu kati ya bomba na vyoo, yuko na bibi mmoja wa kizungu mwenye nywele nyeupe, wanamenya mahindi mabichi. Na alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha kuinamia magoti, ambacho mara ya mwisho nilikisikia Tabora.

Nilisimama nyuma ya mti. Niliona wivu, wakuu. Miezi tisa nimehangaika na koti, na heater, na televisheni, kumbe bomba limeniweza kwa saa moja.

Aliponiona akanitambulisha. Bibi aliitwa Carol, mjane, anazunguka na RV yake ndefu kama basi la mkoani. Tukasalimiana, Carol akachukua kijagi chake cha maji akaondoka.

"Tuhamie hapa," Siwema akasema.

Nikaanza kumweleza kwa upole. Hapa ni karibu na vyoo. Milango itagongwa, taa zinawaka, watoto na baiskeli, harufu. Nikamweleza kanuni zote za Mzee Gary, moja baada ya nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Yule bibi mwenyewe ni RV, hao ndio hasa wa kuwakwepa."

"Carol ana bomba ndani ya gari lake," akasema. "Ana na choo. Tangu nimefika hapa amekuja na kile kijagi mara tatu. Unadhani anafuata maji?"

Nilielewa, na nilijua hatuzungumzii Carol peke yake.

Tukaenda ofisini getini kubadilisha. Binti wa pale akaangalia ramani, akatuangalia sisi, akahisi kuna jambo hatujaelewa. "Mna uhakika? Hiyo namba 4 iko karibu kabisa na vyoo."

Mke wangu, ambaye Kiingereza chake chote cha miezi tisa nilidhani ni "hello" na "thank you", akajibu, "Yes. Very close. Very good."

Hema hatukulikunja. Lilikuwa la duara, tukalinyanyua hivyo hivyo limesimama, mimi upande huu yeye upande ule, tukapita nalo barabarani mbele ya campground nzima. Watu waliacha kula. Mzee mmoja alivua kofia, mpaka leo sijui alidhani ni mazishi au gwaride.

Jioni ile ndipo nilipomwona mke wangu akiwa kazini. Kila anayekwenda kupiga mswaki lazima apite kwetu. Watu wa Minnesota husema "hi" huku wakiendelea na safari. Siwema hakubali hiyo. Anauliza, kwa Kiingereza cha televisheni na mikono, umeshindaje, nyumbani hawajambo, watoto wangapi, mguu huo umefanya nini. Watu walikuwa wanasimama na miswaki mkononi, wanajieleza. Nadhani kuna waliokwenda chooni mara mbili bila haja.

Jumamosi akapika maandazi. Watu wa Minnesota wana aibu yao, kipande cha mwisho hakuna anayekigusa. Andazi moja lilikatwa nusu, nusu ikakatwa nusu, mpaka kikabaki kipande cha saizi ya harage, kila mtu anakiangalia. Siwema akakichukua akamtia Carol mdomoni. Carol alicheka mpaka akalia, halafu nikaona analia kweli. Siwema alimshika mkono tu, wakakaa hivyo.

Mimi sikulala vizuri hata siku moja. Mlango wa choo ulipiga mpaka asubuhi. Lakini nilisikia mke wangu anakoroma, kwa mara ya kwanza tangu aje Marekani.

Jumatatu kazini Mzee Gary akanivizia. "Haya, 61 vipi?" Nikamwambia ukweli. Akanitazama kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba, akarudia taratibu, "Karibu na vyoo?" Hema lake alilipokea, akalinusa kwanza.

Jioni hiyo sikuwa na shift. Siwema alishuka na nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia, chini kabisa ya jengo, akakaa saa mbili. Aliporudi akasema, "Kile chumba cha kupangisha cha chini, kinachopakana na mashine, ni kitupu. Meneja anasema hakuna anayekitaka."

Nakijua hicho chumba. Ndicho nilichoonyeshwa cha kwanza siku naenda kupanga, na nilikicheka. Ukutani ni mashine, mlangoni ni watu wanaongojea mashine. Na mimi nina mitihani ya mwisho mbele yangu.

"Nataka tuhamie pale," akasema. "Yule wa gari la bluu nimemkuta. Kumbe alikuwa anaumwa kweli."

Nilikuwa nafikiria vitabu vyangu, halafu nikafikiria ile tarehe ya Septemba. Nikajikaza nikamuuliza, "Na tiketi?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye nisiyejua mambo.

"Nitaendaje kupumzika, na ndiyo kwanza tunahama?"

Tulihama Jumapili. Mitihani nilifaulu, japo mpaka leo nikisikia mashine inakamua nguo najikuta nakumbuka hesabu. Siku za kufua mlango wetu ulikuwa wazi kutwa, na meza yetu ilikuwa ya jengo zima. Tiketi ilikufia kwenye droo mwezi wa kumi na moja, na hakuna aliyeizungumzia.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Nilikuwa namtafutia mke wangu mahali nitakapopapenda mimi, halafu namdai furaha. Angeniambia mapema, lakini na mimi sikuwahi kumuuliza.

Sasa tumekuwa watu wazima, tunatafuta kiwanja cha kujenga nyumbani, upande wa Kisarawe. Madalali kila siku wananitumia picha, "mzee hapa pametulia, jirani yupo mbali kabisa." Mimi roho inadunda. Nampelekea mwenzangu simu, anaangalia, anauliza kitu kimoja tu: "Bomba liko wapi?"

Karibuni mnicheke, na mwenye mke wa aina hii aje tupeane pole. Mwenye kiwanja kinachopitiwa na watu kutwa nzima, hata kama ni karibu na vyoo vya soko, aje PM tuongee. Vilivyotulia msiniletee. Vinanivutia sana, na nina mke.