Fundi Mwanvita na Propela Mbili

Mwanvita Stambuli hafungi kitu kwenye ndege halafu akakaa pembeni kuwaangalia wengine wakifa nacho. Hiyo ni kauli yake mwenyewe, na huisema hivyohivyo bila kuipamba. Kifaa chochote alichokifunga kwa mkono wake, safari ya kwanza anapanda yeye. Nimefanya naye kazi miaka minne kwenye uwanja wetu wa vumbi, pembeni ya mashamba ya mpunga ya Dakawa, na kwa miaka mitatu nilidhani anajionyesha tu.

Ni mzaliwa wa Kingolwira, mfupi, umri wa miaka arobaini na sita, mwenye sauti ya chini inayoudhi kuliko kelele. Alianza na mashine za kukoboa mpunga, akaenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa ndege, akarudi. Mimi naitwa Pazi. Kabla ya kuwa rubani niliendesha lori la mboga la Mgeta miaka kumi na moja, na sikumficha mtu jambo hilo. Aliyeweza kuteremsha tani saba za kabichi kwenye zile kona za mlimani, nilikuwa nikisema, atashindwa na nini?

Ndege yetu ni ya viti viwili, mali ya Mzee Harshad, mfanyabiashara wa mpunga wa Morogoro mjini. Tunaitumia kutafuta wanakolala kweleakwelea, wale ndege wanaomaliza shamba kwa asubuhi moja. Propela yake ilikuwa ya pembe moja: mapanga yamelazwa namna moja tangu kiwandani, hayageuki, kama lori lenye gia moja. Mchana wa joto ilikuwa ikipanda kwa shida. Mwezi wa sita Mzee Harshad akaleta nyingine, ambayo rubani anageuza mapanga yake akiwa angani kwa liva, mkono mdogo wa kusukuma na kuvuta. Liva mbele, mapanga yanakata hewa kidogokidogo na ndege inapanda vizuri. Liva nyuma, yanakata hewa nyingi, ndege inakwenda mbio kwa mafuta machache. Nilifurahi sana. Hizo si gia tu? Gia nazijua.

Mwanvita akakataa.

"Propela ni nzuri," alimwambia Mzee Harshad mbele yangu. "Anayenitia wasiwasi ni Pazi. Injini ikilemewa, mguu wake wa kushoto unatafuta klachi. Nimemwona mara tatu hapahapa chini. Na kwenye ndege hakuna klachi, mzee. Pedali ya kushoto inageuza pua kushoto. Propela ya zamani haina cha kubadilisha, kwa hiyo mguu umelala. Hii itauamsha. Tubaki na ya zamani, au afundishwe mwezi mzima kwanza."

Nilijiona nimevuliwa nguo hadharani. Rubani mwenye leseni, naambiwa habari za mguu!

"Fundi, wewe kaza nati," nikamwambia. "Kuruka niachie mimi."

"Pazi, una hakika?" Mzee Harshad akauliza.

"Asilimia mia, mzee."

Akaamuru ifungwe. Mwanvita hakubishana tena. Akaifunga siku mbili, akaikagua siku ya tatu, na asubuhi ya nne akaja akaketi kiti cha kulia, akajifunga mkanda.

"Kabla ya kutua, liva mbele," akasema. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu sikumjibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulipaa kwa raha ambayo sijapata kuiona. Juu nikavuta liva nyuma, injini ikatulia, tukafika Kingolwira upesi, Uluguru ikiwa imejifunika mawingu hadi kiunoni. Tukageuza. Mwanvita alikuwa akiandika namba za geji kwenye karatasi iliyokuwa gotini. Nilianza kuteremka Dakawa huku nimeondoa nguvu ya injini, na nasema kweli, kichwani nilikuwa Mgeta. Sisi madereva wa kule mteremko tunaushuka na gia kubwa, mguu juu, tukibana dizeli. Gia inabadilishwa injini ikilia, siyo kabla. Liva nikaiacha nyuma.

Sasa uwanja wetu una desturi yake. Ndege ikishapaa, wanawake wa jirani hutandaza maturubai na kuanika mpunga, maana hakuna mahali pengine palipo pakavu na tambarare kiasi kile. Wanajua huwa tunarudi baada ya saa nzima na zaidi. Siku ile tulirudi baada ya nusu saa, na hakuna aliyewaambia kwamba ni majaribio.

Niliyaona maturubai tukiwa chini kabisa. Na watu juu yake, wameinama, wanageuza mpunga kwa miguu.

Nikasukuma nguvu yote ya injini ili tupae tena. Injini ikanguruma kwa uzito, kama lori lililowekwa gia kubwa mlimani, na ndege haikupanda. Ikaelea tu, inawafuata wale watu. Injini ilikuwa inalia. Na mguu wangu wa kushoto, bila kuniuliza, ukakanyaga klachi.

Pua ikaruka kushoto. Bawa likainama kuelekea kwa wanawake. Nilimwona mmoja ameinua uso, mdomo wazi, na nikajua nimemuua.

"Toa mguu!"

Mkono wa Mwanvita ulikuwa umeshapita mbele yangu na kusukuma liva hadi mwisho. Nikatoa mguu. Injini ikabadili sauti, bawa likanyooka, tukapita juu yao, makapi ya mpunga yakiruka. Tulizunguka mara moja. Nilipotua uwanja ulikuwa mtupu.

Bi Asia, aliyeinua uso, alinijia na turubai mkononi. "Baba, leo ulitaka kutuanika sisi?"

Nikarudi kwenye ndege. Mwanvita alikuwa ameegemea ndege, amefungua kitabu cha matengenezo.

"Andika liva imekwama," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Mzee ataiondoa propela, yataisha."

"Haikukwama."

"Najua. Andika tu, dada. Nakuomba."

"Nikiandika imekwama, fundi mwingine ataifungua kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Na wewe utapanda kesho ukijiona mzima." Akaandika mstari mmoja, akanionyesha: propela inafanya kazi. "Ya propela nimeandika. Ya Pazi sema mwenyewe." Akanipa simu yake, tayari inaita kwa Mzee Harshad.

Nilikuwa na hofu kuliko kule juu. Nilijua naweza kufukuzwa kazi siku hiyohiyo nikarudi kwenye kabichi, nachekwa na kila utingo wa Mgeta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Pazi. Eh, imekwendaje?"

Wanawake walikuwa wakizoa mpunga uliomwagika. Niliwahesabu.

"Propela haina kosa, mzee. Mimi nusura niue watu."

"Watu gani?"

"Kumi na mmoja hapa uwanjani. Na Mwanvita."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Mwanvita mwenyewe anasemaje?"

Nilimgeukia. Alikuwa ameshashika spana, anafungua nati ya kwanza ya propela mpya.

"Hajasema kitu," nikajibu. "Nasema mimi. Naomba nirudishiwe ile ya zamani."