Siku Niliyopewa Darasa la Sayansi Njukini

Hii aibu nimeificha tangu mwaka jana, lakini kwa vile leo mmenibana, wacha niseme, mnicheke mmalize.

Kazi yangu ni ya tovuti. Tuna moja yenye masomo ya walimu kufundishia darasani, tulitaka kuijenga upya, na bosi akanituma nione walimu wanaitumiaje kabla hatujagusa kitu. Basi nikatoka Voi alfajiri, tai shingoni (sijui nani alinidanganya na hiyo tai), bila kupigia mtu simu, nikafika shule moja huko Njukini watoto wakiwa paredi. Kumbe walikuwa wameahidiwa mwalimu mpya wiki hiyo hiyo! Mwalimu Mkuu, mzee mchangamfu, kuniona tu akanivuta mbele, akatangaza, "Watoto, Mungu hujibu! Mwalimu wa sayansi tuliyemwomba, ndiye huyu!"

Hapo ndipo ningesema. Lakini mzee anaongea mbele ya watoto wake, wewe kijana utamkatizaje? Nikajiambia nitamweleza pembeni. Pembeni gani! Makofi yakapigwa, mama mmoja wa kamati akaniletea mkungu wa ndizi, na kabla sijameza mate niko mbele ya gredi ya saba, chaki mkononi, na Madam Wakesho, mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akiwashikia hilo somo, ameketi nyuma apumue.

Nikaona si neno, nitafungua somo kwa tovuti yetu. Ikadai nenosiri. Nikaandika. Ikasema itanitumia nambari kwa simu, nayo netiweki ya simu ikapotea, nikaenda dirishani, nikapanda juu ya dawati (na tai yangu), nambari ikaingia, tovuti ikasema muda umekwisha, nianze tena. Mara tatu! Jasho linanitoka, darasa linacheka, na Mwalimu Mkuu huyo mlangoni anachungulia. Nikashindwa. "Mzee, nisamehe," nikamwambia nikiwa bado huko juu, "mimi si mwalimu. Mimi ni wa tovuti."

Kicheko kikakatika. Msichana mmoja wa mbele akafunga daftari lake polepole. Haki ya Mungu, hilo liliniuma kuliko yote.

Madam Wakesho hakunigombeza. Alichukua chaki, akafundisha mpaka kengele, kisha akaniita ofisini akanimiminia chai. "Sasa umejua," akasema. "Hilo dawati mimi hulipanda kila wiki. Haya, andika." Nikaandika kurasa sita za ukweli ambao fomu yangu ya maswali isingeupata kamwe. Mzee naye alinisamehe, na ndizi wakakataa kabisa nizirudishe. Nawashukuru watu wale hadi leo.

Nenosiri tuliliondoa, na masomo sasa yanafunguka hata pasipo netiweki. Nami nimeapa, nikitambulishwa vibaya nitasahihisha hapo hapo, hata kama anayeongea ni gavana. Juzi Madam alinitumia ujumbe: "Imefunguka mara moja, asante sana kijana wetu. Mwalimu wa sayansi ndiye bado tunamngoja." Nimeusoma sijui mara ngapi.