Nilipokaa Rehani ya Lori

Waliokuwepo ni hawa. Mwanangu wa mwisho, dereva na mwenye lori. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, ambaye huyo dereva ni baba yake mdogo. Mdogo wangu niliyemwachia ziwa, mjane, anayelima ng'ambo ya mto upande wa Lupiro. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, naye yuko huko huko, nyumba yake iko pale njia inapogawanyika. Wapakiaji wawili wa tumbo moja, watoto wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Wao wamekulia hapa, wakaacha fimbo wakashika magunia. Na mimi.

Majina yote ninayo, yao na ya baba zao, na ya wenye nyumba zote nitakazozigusa. Siyaandiki kwa sababu habari yenyewe inahusu lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, na lumbesa imekatazwa. Sitaki mtu aje kuulizwa na afisa kwa ajili ya mdomo wangu.

Mwaka huo mavuno yalikuwa mazuri, lakini mvua za Mei zilikataa kuondoka. Mdogo wangu alikuwa ameshavuna, ameshapiga mpunga wake, ameshashona magunia, na banda lake lilikuwa limeangushwa na upepo. Mpunga wote wa mwaka ulilala nje, juu ya magogo, umefunikwa turubai lenye matundu. Alinipigia simu Jumatano akasema, "Dada, hili turubai linastahimili umande. Mvua halistahimili." Nikamwambia Ijumaa lori litakuwa mlangoni kwake. Nilimwahidi bila kumuuliza mwenye lori, kwani mwenye lori nimemzaa.

Kumbe nilikuwa nimeahidi katikati ya ugomvi.

Mjukuu wangu amesoma hesabu chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini alichosomea alinieleza nikakielewa, na nitakieleza hapa. Ukiwa na nyumba saba za kuzungukia, alisema, namna za kuzipanga ipi ianze na ipi ifuate zinazidi elfu tano. Mtu hawezi kuzijaribu zote. Kompyuta inazipima kwa hesabu, inatupa mbaya, inabakiza ile inayokula mafuta kidogo na kumaliza kazi mapema. Nikamwambia hilo mbona tunalijua, ni kama kugawa chakula cha msiba. Ukianza kwa waliokaa karibu na sufuria, wa mwisho anaramba mwiko. Akacheka, akasema ndiyo hiyo hiyo bibi, ila sisi tunatafuta mgawo ambao hakuna anayeramba mwiko.

Baba yake mdogo hakuwa na haja ya elfu tano. Yeye alikuwa na namna moja tu, aliyoachiwa na baba yake: unaanza kwa mkubwa. Lori likiingia kijijini, gunia la kwanza kupanda ni la mzee wa ukoo, halafu unashuka kwa umri. Ndivyo tulivyo. Huwezi kupita mlango wa mkubwa ukaenda kubebea mdogo, halafu jioni ukarudi kumsalimia.

Hata hivyo alikubali kumjaribu mtoto siku moja. Alhamisi wakaenda Mkula kwa mpango wa kompyuta. Sikwenda, lakini nilisikia mrejesho kabla injini haijazimwa. Kompyuta ilisema lori litamaliza nyumba tano. Lilijaa nyumba ya tatu. Watu wa nyumba mbili waliachwa wamesimama barabarani na magunia yao, wakishukuru Mungu kwamba wao wana maghala ya bati. Mwanangu aliteremka akicheka kicheko cha mtu aliyeaibika. Akasema kompyuta ya chuo kikuu haijui kuhesabu mpaka tano, na kwamba kesho Lupiro anakwenda kwa njia yake, anaanza kwa baba mkubwa, anamalizia kwa mama mdogo.

Hapo ndipo niliposimama. Kwa mdogo wangu ni ndani ya mbuga, udongo mweusi. Njia ya kwenda kwake kuna mwaka inameza trekta. Lori likifika kule mwisho, limeshiba nyumba sita, halitoki. Na nilivyomjua mwanangu, angefika kwenye ukingo wa mbuga, angeangalia, angegeuza. Angesema tutarudi Jumamosi. Na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Udzungwa tangu asubuhi kama watu waliokuja kudai.

Mjukuu alikuwa amekaa barazani pale kwetu Viwanja Sitini, Ifakara, kompyuta imefunguliwa mapajani, haangalii. Nikakaa karibu naye nikamuuliza:

"Humo ndani, gunia umeliandika la nani?"

"La nani kivipi, bibi? Gunia ni gunia."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Msomi mzima, amezaliwa bondeni, amekula mpunga wa bonde, anaandika gunia ni gunia! Alikuwa amechukua ule uzito wa karatasini, debe sita, akawagawia watu wote sawasawa. Nikamwambia nani hapa anashona debe sita? Watu wanajaza gunia mpaka mdomoni, wanaliongezea kilemba juu, wanalishona kwa shazia na kamba mpaka linasimama kama mtu aliyevaa kofia. Hilo ndilo lumbesa. Moja linaweza kuwa na debe saba na nusu, lingine nane, na hakuna wawili wanaoshona sawa. Mkono wa mtu kwenye gunia ni kama mwandiko.

Akaigeukia kompyuta. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo uzito hauko kwenye gunia. Uko kwa mwenye gunia."

"Na wenye magunia ninao," nikamwambia. "Andika."

Nikampa nyumba saba za Lupiro moja moja, kwa jina la mwenyewe na la mkewe, maana mara nyingi anayeshona ni mke. Huyu mlokole, hashindilii, debe sita za haki. Huyu anashindilia kwa mguu, nane. Huyu zamani alikuwa saba, alipofiwa na mume akapungukiwa nguvu, sita na nusu. Mdogo wangu saba, mimi ndiye niliyemfundisha. Shemeji yangu, mzee wa ukoo, sita kamili. Huyo tangu ujana wake anasema kilemba kinavaliwa na mtu. Mjukuu akatembea mpaka kwenye mashine ya kukobolea mpunga, akaomba apime debe moja la mpunga kwenye mzani wao, akarudi akaingiza kila kitu. Nikamwambia pia habari za udongo mweusi, kwamba lori tupu linapita na lori zito linazama. Akasema hilo nalo halikuwemo. Kompyuta ilijua tu urefu wa njia, na kwa urefu, kuzunguka kwa kulia au kwa kushoto ni sawasawa.

Ilipojibu, ilijibu nilivyotaka. Anzia mbugani kwa mdogo wangu, lori likiwa jepesi. Toka kwenye udongo mgumu, jaza nyumba tano njiani, malizia kwa shemeji. Yote yanaingia, na nafasi inabaki kidogo.

Mwanangu alisikiliza mpaka mwisho. Hakubishia hesabu; alibishia baba yake mkubwa. Akasema, mama, unataka nipite mbele ya mlango wa mzee na lori tupu, anione, nisisimame? Na kweli hakuna njia nyingine. Ukitoka darajani, pande zote mbili zinaanzia mlangoni kwa shemeji.

Nikamwambia atasimama. Salamu itaanza kwa mkubwa, magunia yataanza kwa mdogo. Nami nitakwenda.

Ijumaa asubuhi tukavuka mto, mimi katikati ya dereva na msomi, wapakiaji nyuma. Shemeji alikuwa ameketi mbele ya nyumba, magunia yake yamepangwa ukutani chini ya upenu, amevaa shati la kanisani kwa ajili ya kulipokea lori. Nikateremka, nikampa shikamoo yake, nikamweleza moja kwa moja kwamba lori linapita, linakwenda kwanza kwa mdogo wangu, na litarudi kwake mwisho. Alimtazama mwanangu muda mrefu. Mwanangu akatazama matairi.

"Siku hizi mkubwa ndiye kitinda mimba?" shemeji akauliza.

"Mkubwa ndiye anayefunga mlango," nikamwambia. "Na mimi nabaki hapa. Lori lisiporudi, umenipata."

"Nikufanyie nini, shemeji, na uzee huo?"

"Nitakupalilia. Shamba lako limezoea kupaliliwa kwa macho."

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akashika bodi la lori asianguke. Shemeji naye akashindwa kujizuia. Akaniitia kigoda, akamwambia mwanangu aende, na kwamba rehani aliyoachiwa ni kuukuu lakini ataishika.

Basi nikakaa rehani. Nimewahi kungojea mambo mengi maishani, lakini asubuhi ile naikumbuka kwa masikio. Nilikuwa nasikiliza injini. Lori likizama, dereva anakanyaga mafuta, mlio unapanda bila kusogea. Sauti hiyo kila mtu wa mbuga anaijua. Shemeji aliongea juu ya ndama, juu ya meno yake, mimi nikaitikia, sikio langu liko mbugani. Mawingu yalishatoka milimani, yanakuja kwetu. Nikasikia mlio ukipanda. Ukapanda, ukapanda, kisha ukalegea na kusogea, na nikajua limetoka. Nikamwomba shemeji maji ya kunywa.

Lilipofika kwetu lilikuwa limebeba nyumba sita. Mjukuu aliniambia kwamba mama mdogo wa baba yake mdogo, yaani mdogo wangu, alisimama pale na turubai lake mkononi hajui afunike nini tena. Wapakiaji wakaanza magunia ya shemeji. Walipoinua la kwanza wakatazamana. La pili, mmoja akasema jambo kwa Kisukuma. Nikasogea kuangalia ushonaji, na nikaona vilemba. Kwa upande wa ukutani vilikuwa vimejificha, lakini vilikuwepo, vimeshonwa kwa ustadi.

"Shemeji, wewe si sita kamili?"

"Mkono unatetemeka siku hizi," akasema. "Anashona mkamwana."

Huyo mke wa mwanawe namjua, jina lake na la bibi yake. Sikujua kwamba ameshika shazia ya nyumba ile.

Yakaingia yote isipokuwa moja. Bodi lilijaa mpaka mahali pa kufungia turubai, na bila turubai kufunga tusingethubutu kuondoka na wingu lile. Mwanangu akaweka mikono kiunoni, akamgeukia mjukuu, akafungua mdomo.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mtoto aliandika nilichomwambia. Gunia la mkubwa haliachwi. Liwekeni kwenye kiti changu."

Ndivyo gunia hilo lilivyokwenda Ifakara, limekaa katikati ya dereva na msomi, kilemba chake kinagusa kioo, na mimi nikarudi kwa bodaboda. Mvua ilinikuta darajani. Ilininyeshea mimi peke yangu, kwani nilipofika mashineni nikiwa natiririka, magunia yalikuwa ndani, na mjukuu alikuwa anapitisha kiganja juu ya yale ya mdogo wangu, moja baada ya jingine. Makavu. Nikampigia simu mdogo wangu nikamwambia neno hilo moja.

Mwanangu hakuomba radhi, hatukumlea hivyo. Alifuta mikono, akamuuliza binti wa kaka yake, "Kesho zile mbili za Mkula, tunaanzia wapi?" Tangu siku hiyo anauliza kila safari. Hata bodi lilipofanyiwa matengenezo, fundi alikatazwa kupima kwa jicho. Mjukuu ndiye aliyesema lirefuke kiasi gani ili uzito usiegemee nyuma wote. Na kila mavuno yakikaribia huja barazani, anaketi, ananisomea nyumba moja moja, ananiuliza nani anashona mwaka huu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama nyumba yako imo humu, utajijua kwa debe zako. Nikiwa nimekupa saba nawe ni nane, au shazia imehamia mkono mwingine sijaambiwa, njoo unisahihishe kabla lori halijatoka. Sitaki kuteremshwa na gunia mara ya pili.